Wewe Ulicheza Wapi?

Mjomba wangu alikuwa beki wa kushoto enzi zake, na hadi leo hawezi kusikiliza kipindi cha michezo redioni bila kugombana na spika. Mchambuzi akisema beki alikaa vibaya, mjomba anamrukia: "Wewe ulicheza wapi?" Mchambuzi hamsikii, lakini swali lenyewe mnalijua. Limeulizwa kwenye kila kijiwe na limewagawa wachambuzi wetu makundi mawili. Waliocheza wanawaona wenzao wapiga domo. Wasiocheza wanawaona wenzao watu wa "enzi zetu", wasiojua kingine zaidi ya kusimulia bao walilofunga mwaka ule uwanja ukiwa na tope.

Ugomvi huo nimeusikiliza hapa nyumbani hadi nimeshiba. Leo nataka niusimulie ulivyopiganwa Marekani, kwenye mpira wao ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, kwa sababu kule kuna mtihani na majibu yanabandikwa ukutani. Mchambuzi wetu akisema mshambuliaji fulani ni garasa, mwaka ukipita hakuna anayekumbuka alisema nani. Kule, kila Aprili, mchambuzi anaweka majina na namba hadharani. Baada ya miaka mitatu, yeyote mwenye intaneti anaweza kufukua ule mkeka na kuona umechanikia wapi.

Kwa wasiofuatilia: drafti ya NFL, ligi kuu ya mpira huo (si ile drafti ya vizibo), ni siku ambayo timu 32 zinagawana vijana wanaotoka vyuoni. Raundi ni 7, vijana wanaotajwa ni kama 250, na timu iliyovurunda zaidi msimu uliopita ndiyo inayotangulia kuchagua. Kijana hana la kusema. Akitajwa Cleveland, anahamia Cleveland. Ilianza mwaka 1936 na ilianza na nuksi: Jay Berwanger, kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa, hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NFL. Siku hizi ni tamasha la siku tatu kwenye televisheni, na usiku wa kwanza ukitaka kulitazama ukiwa Dar au Nairobi unakesha, maana linaanza saa tisa usiku.

Watanzania wengi tulilijua neno drafti kupitia mchezo mwingine. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye drafti ya kikapu ya NBA. James Harden akafuata nafasi ya tatu, Stephen Curry wa saba. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Ila tangu siku ile nilibaki na swali: waliokaa mezani wakampima Thabeet na Curry wakaona mwenye thamani zaidi ni yule mrefu, walikuwa wanaangalia nini? Ndilo swali lililonifikisha kwenye NFL, ambako kupima vijana kumegeuka biashara nzima ya televisheni.

Mwaka wa kuanzia ni 1994.

Indianapolis Colts walikuwa na nafasi ya pili, wakamchukua Marshall Faulk, mkimbiaji. Hapo hakukuwa na ubishi. Kisha wakapanda kutoka nafasi ya saba hadi ya tano kwa kubadilishana na timu nyingine, na kila mtu akajua wanapanda kumfuata Trent Dilfer, kwotabeki. Kwotabeki ndiye anayeshika usukani wa timu, mpira wote unaanzia mikononi mwake, na Colts walikuwa hawana wa kujivunia. Wakamtaja Trev Alberts, mlinzi. Kwenye meza ya ESPN alikuwepo Mel Kiper, ambaye amekuwa akichambua drafti kwenye kituo hicho tangu 1984. Kiper akawaka. Akasema maamuzi ya namna hiyo ndiyo yanayowafanya Colts kila mwaka wawe wanachagua nafasi ya pili badala ya kugombea ubingwa.

Bill Tobin, aliyekuwa na dhamana ya usajili wa Colts, akayasikia. Kamera ilipomfikia alijibu kwa hasira ambayo Wamarekani wanaichezesha tena kila mwaka drafti inapokaribia. Kwa ufupi: Mel Kiper ni nani hasa? Hajawahi kucheza, hajawahi kufundisha, hajawahi kusaka vipaji, hajawahi kuongoza klabu, leo amekuwa mtaalamu? Sifa alizonazo kwa kazi hiyo, Tobin akasema, hazimzidi jirani yake, na jirani yake ni mtu wa posta. Ni mjomba wangu mtupu, ila amevaa suti.

Nani alikuwa sahihi? Alberts alicheza misimu mitatu, mwili ukakataa, majeraha yakamstaafisha. Dilfer akachukuliwa nafasi ya sita na Tampa Bay, akawa kwotabeki wa leo afadhali kesho taabani. Baadaye alitwaa ubingwa na Baltimore Ravens Januari 2001 akibebwa na moja ya ngome kali kuwahi kuonekana, na timu ikamwacha muda mfupi baadaye. Colts nao, wakiwa na kwotabeki mzoefu Jim Harbaugh, walifika mechi moja tu kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi, kwenye msimu wa 1995. Yaani Tobin alipotea kwa Alberts na akapatia kwa kumwacha Dilfer. Kiper alipotea kidogo na akapatia kidogo. Kucheza au kutocheza hakukumsaidia yeyote kati yao.

Lakini kinachonifurahisha kwenye hadithi hii kilikuja miaka kadhaa baadaye. Alberts, alipostaafu, alikwenda kuchambua mpira ESPN, nyumbani kwa Kiper. Dilfer akafuata hapohapo ESPN mwaka 2008. Faulk akawa mchambuzi wa NFL Network, na pembeni yake Willie McGinest, aliyechaguliwa nafasi ya nne mwaka uleule wa 1994. Hebu hesabu: namba 2, namba 4, namba 5 na namba 6 wa drafti moja, wote wakaishia upande wa pili wa meza. Waliopimwa wakawa wapimaji. Bucky Brooks, mpokeaji aliyechaguliwa nafasi ya 48 na Buffalo mwaka huohuo, naye leo anaandika na kusema drafti mwaka mzima, na nitarudi kwake kwa sababu yeye ana kitu cha ziada.

Na kuna mwingine ambaye mwaka ule jina lake halikutajwa kabisa, raundi zote 7. Kurt Warner, kwotabeki wa Northern Iowa. Green Bay walimwita kambini, wakamtema. Akawa anapanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka la vyakula kwa dola 5.50 kwa saa. Akacheza ligi ya ndani ya ukumbi, akacheza Amsterdam, na mwaka 1999 kwotabeki wa kwanza wa St. Louis Rams alipoumia kabla ya msimu kuanza, Warner akaingia. Msimu huo aliibuka mchezaji bora wa ligi nzima na Rams wakachukua Super Bowl. Mkimbiaji aliyesimama nyuma yake akipokea mipira alikuwa Marshall Faulk. Namba 2 na mtu asiye na namba, darasa moja, timu moja, kombe moja. Leo wote wawili wako kwenye jumba la magwiji kule Canton.

Warner ndiye mchambuzi ninayemsikiliza kuliko wote linapokuja suala la kwotabeki chipukizi. Anachukua video ya kijana, anaisimamisha, anaanza kuongea miguu. Mpira hata haujarushwa. Anakuonyesha kijana anarudi nyuma hatua tatu, na mguu wa nyuma ukishakanyaga hatua ya mwisho, mpira ulitakiwa uwe unaondoka mkononi. Kijana haachii. Anamsubiri mpokeaji aonekane yuko huru kwanza. Chuoni inalipa, kwa sababu walinzi wa chuoni wanachelewa na yeye ana mkono wenye nguvu, pasi inafika, uwanja unalipuka. Sisi wengine tumeona pasi ya yadi 40. Warner ameona kuchelewa. Kwenye NFL kuchelewa huko ndiko kunakompa mlinzi nafasi ya kuupora. Halafu anakuonyesha macho: kijana anamkodolea mtu anayetaka kumrushia tangu mwanzo hadi mwisho, na mlinzi wa nyuma anasoma macho yale kama tangazo la msiba lililobandikwa msikitini.

Hiki mtu hakipati kwenye takwimu. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na Warner amewahi kuzikwa na walinzi wa kilo 130 mara nyingi za kutosha kujua sekunde ile inavyokuwa.

Nilipokuwa nasoma Ohio nilikuwa na jirani aliyewahi kucheza mstari wa mbele chuoni, wale mapande ya watu wanaomlinda kwotabeki. Hakufika NFL. Tulikuwa tukitazama naye mechi za Jumamosi, na ilinichukua muda kugundua kwamba hatukuwa tunatazama mechi moja. Mimi nilifuata mpira. Yeye hakujua mpira uko wapi. "Angalia kiganja," ananiambia, anarudisha video nyuma. Mlinzi anakuja, mtu wa mstari anatakiwa amtie mikono kifuani kabla hajatiwa yeye. "Umeona? Mikono mifupi. Atawahiwa kila mara. Huyu wamuingize katikati, pembeni wataumia." Kijana yule chuoni alikuwa anacheza pembeni na wachambuzi walikuwa wakimsifia. Alipoingia NFL walimhamishia katikati mwaka wa kwanza.

Sasa ngoja tufike kwa wapokeaji. Jirani yangu hapo alikuwa mtazamaji kama mimi, tofauti yake ni kwamba alikuwa na sauti kubwa zaidi. Alikuwa na uhakika uleule, kifua kilekile, lakini hakuna alichokuwa anakiona. Alipenda vijana wakubwa wenye hasira, yaani vijana waliofanana na yeye. Na hapo ndipo ninapoona kasoro ya wachezaji wa zamani inapokaa. Mtu aliyecheza nafasi moja kwa miaka 15 anaijua ile nafasi kwa mifupa yake. Televisheni inamkalisha mezani na kumwomba azihukumu zote.

Tena hata hiyo nafasi yake, anaijua ilivyochezwa na yeye. Anachotakiwa kukisema kwenye drafti ni kitu kingine kabisa: kijana huyu wa miaka 21, akipewa mamilioni ya dola, akipelekwa mji asioujua, chini ya kocha ambaye huenda akafukuzwa Desemba, atakuwaje akifika miaka 25? Hilo halimo kwenye video. Wala halimo kwenye kambi ya vipimo ya Indianapolis, ambako vijana wanapimwa kila kitu hadi shubiri. Mwaka 2022 Kenny Pickett, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alipimwa shubiri yake ikaonekana inchi 8.5 tu, na wiki nzima watu wazima walijadili kwenye televisheni mkono wa mtu mzima mwenzao. Mwaka 2017 John Ross alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati huo, Cincinnati wakamchukua nafasi ya tisa. Msimu wake wa kwanza hakudaka pasi hata moja. Nafasi ya kumi, nyuma yake tu, alichukuliwa Patrick Mahomes.

Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, waliwahi kuzipiga darubini drafti za miaka mingi. Walichukua wachezaji wawili wa nafasi moja, wa kwanza kuchaguliwa na aliyemfuata, wakauliza ni mara ngapi yule wa kwanza ndiye anayekuwa bora. Jibu: asilimia 52. Ukirusha shilingi unapata 50. Na hao ni watu wa ndani ya klabu, wenye wasaka vipaji, madaktari na wapelelezi wa kumfuatilia kijana hadi shule aliyosoma. Mchambuzi wa televisheni ana nini zaidi yao?

Ubaya ni kwamba wakati mwingine wenye klabu wanamwona mchambuzi kwenye runinga, suti imekaa, maneno yananyooka, wanasema: huyu ndiye.

Matt Millen alikuwa mlinzi wa kati aliyetwaa Super Bowl nne akiwa na timu tatu tofauti, kisha akawa sauti nzuri sana ya televisheni ya Fox. Mwaka 2001 Detroit Lions walimkabidhi klabu. Hakuwahi kufanya kazi ya namna hiyo. Mwaka 2003 alimchukua mpokeaji Charles Rogers nafasi ya pili. Wa tatu alikuwa Andre Johnson, ambaye amekuja kuwa gwiji. Mwaka 2004 raundi ya kwanza akachukua mpokeaji mwingine, Roy Williams. Mwaka 2005 mpokeaji tena, Mike Williams, nafasi ya kumi, na wa kumi na moja alikuwa DeMarcus Ware, mmoja wa walinzi hatari wa kizazi chake. Mlinzi aliyeishi kwa kuwapiga wapokeaji alikuwa hawezi kupita duka la wapokeaji bila kununua. Chini yake Lions walishinda mechi 31, wakafungwa 84. Alitimuliwa Septemba 2008, na msimu huohuo timu ikamaliza bila ushindi hata mmoja, 0 kwa 16. Millen alirudi kwenye televisheni.

Mike Mayock ananiuma zaidi, kwa sababu yeye nilimwamini. Alicheza kidogo, New York Giants mwanzoni mwa miaka ya 80, akiwa ameokotwa raundi ya kumi (enzi hizo raundi zilikuwa zaidi ya 7). Kwa zaidi ya muongo alikuwa baba wa drafti pale NFL Network. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa daftari, amemtazama kila kijana, anajua kocha wa mstari wa chuo fulani alibadilishwa lini. Mwisho wa 2018 Raiders wakamfanya meneja mkuu, chini ya kocha Jon Gruden, naye ametoka kwenye meza ya ESPN. Drafti ya kwanza walikuwa na chaguo tatu za raundi ya kwanza. Ya juu, nafasi ya nne, wakaitumia kwa Clelin Ferrell, mlinzi ambaye mikeka mingi ilimweka chini zaidi; hakuwahi kufikia bei ile. Mwaka 2020 wakawachukua Henry Ruggs na Damon Arnette. Kufikia Novemba 2021 wote wawili hawakuwa tena kwenye timu: Ruggs baada ya ajali ya gari iliyoua mtu akiwa amelewa nyuma ya usukani, Arnette baada ya video iliyomwonyesha akitishia akiwa na bunduki. Alex Leatherwood, wa 2021, alitemwa baada ya msimu mmoja.

Ukiishia hapo utasema Mayock hajui. Lakini kwenye ile drafti ya kwanza, raundi ya nne, alimchukua kijana mwembamba kutoka Eastern Michigan anaitwa Maxx Crosby. Huyo amekuja kuwa mmoja wa walinzi bora wa ligi, na amesema mwenyewe hadharani kwamba alilazimika kwenda kutibiwa ulevi mwaka 2020 kabla ya kuwa mtu tunayemwona leo. Jicho lililomwona Crosby na jicho lililomwona Ferrell ni la mtu mmoja, mwaka mmoja, na watu wawili hawa wanacheza nafasi ileile. Raiders walifika hatua ya mtoano msimu wa 2021, na Januari 2022 Mayock akaonyeshwa mlango. Inasemwa sana kwamba neno la mwisho lilikuwa la Gruden, na ninaamini. Hata hivyo daftari lilikuwepo mezani.

Halafu yupo John Lynch, anayesumbua hoja yangu yote. Mlinzi wa nyuma, gwiji, akatoka Fox moja kwa moja kwenda kuwa meneja mkuu wa San Francisco mwaka 2017 bila uzoefu wowote wa ofisini. Chaguo lake la kwanza, nafasi ya tatu, lilikuwa Solomon Thomas wa Stanford. Lynch mwenyewe ni wa Stanford, na alipokuwa amerudi kumalizia shahada yake alisoma darasa moja na Thomas. Kijana safi, mwenye akili, anayejituma. Hakuwa mchezaji wa nafasi ya tatu. Raundi ya tano ya drafti hiyohiyo Lynch akamchukua George Kittle, wa 146, na huyo ni miongoni mwa bora kuwahi kucheza nafasi yake. Mwaka 2021 alitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza ili ampate kwotabeki Trey Lance. Miaka miwili baadaye akamtoa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Na mwaka 2022, chaguo la mwisho kabisa la drafti nzima, wa 262, akamtaja Brock Purdy. Purdy aliwafikisha Super Bowl Februari 2024.

Lynch amedumu. Sababu naiona rahisi: alikosea kama wengine, ila hakuwa peke yake chumbani. Alikuwa na kocha Kyle Shanahan anayejua anataka mtu wa namna gani, na wasaka vipaji waliokuwa wakimzungusha kabla ya yeye kusema ndiyo. Millen alikuwa na pete nne za ubingwa.

Ndiyo maana wachambuzi ninaowaheshimu kwa ujumla wake, siyo kwa nafasi moja, ni wale waliocheza kisha wakaenda kuchafuka viatu. Bucky Brooks alicheza misimu michache akihamahama timu, akawa msaka vipaji wa Seattle na Carolina. Louis Riddick aliokotwa raundi ya tisa mwaka 1991, akacheza, akasaka vipaji Washington, akapanda cheo Philadelphia kabla ya ESPN. Daniel Jeremiah alikuwa kwotabeki wa chuo tu, NFL hakucheza, lakini alizunguka kwa Ravens, Browns na Eagles. Mtu aliyewahi kulala hoteli za miji ya pembeni akimfuatilia kijana mmoja, akaandika ripoti kwamba huyu ni jembe, kisha akaona jembe linavunjika, anaongea tofauti. Anasema "nadhani". Dilfer alikuwa hasemi "nadhani". Septemba 2014 New England walipopigwa vibaya Kansas City, alitangaza kuwa wale si timu nzuri tena. Walimaliza msimu wakiwa mabingwa.

Wala nisiwatwishe waliocheza peke yao. Bill Polian hakucheza NFL. Alijenga timu za ubingwa na yuko jumba la magwiji kama kiongozi. Mwaka 2018 alisema Lamar Jackson ahame ukwotabeki akawe mpokeaji. Jackson akaangukia nafasi ya 32, na mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa ligi. Wimbo ule ni wa zamani: makwotabeki weusi wamekuwa wakiambiwa wabadilishe nafasi kwa miongo. Warren Moon hakuchaguliwa kabisa mwaka 1978, akaenda kucheza Kanada miaka sita, na leo yuko Canton. Mezani wanapokaa watu walioambiwa maneno hayo wao wenyewe, kuna upuuzi ambao hausemwi kwa urahisi. Hiyo ni faida ya wachezaji wa zamani ambayo hata mimi ninayewanung'unikia siwezi kuipinga.

Lakini nikiruhusiwa kumwita mmoja tu aniambie kuhusu kijana anayekaribia kutajwa, nitampita hata Warner. Nitamwita Ryan Leaf. Mwaka 1998 Marekani nzima ilibishana kwotabeki yupi aende wa kwanza, Peyton Manning au yeye. San Diego walitoa mali nyingi ili wapande nafasi moja tu wampate. Mechi yake ya tatu, ugenini Kansas City, alirusha pasi 15 ikafika moja, yadi 4, na siku iliyofuata alimfokea mwandishi wa habari mbele ya kamera kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mechi 21 alizoanza maishani, alishinda 4. Baada ya hapo vidonge vya maumivu, baada ya hapo jela kule Montana hadi 2014. Siku hizi anachambua mpira wa vyuo na kuzungumza na watu kuhusu uraibu, na anakisema kisa chake bila kukipaka rangi. Mkono alikuwa nao, urefu alikuwa nao, na miguu ilikuwa hatua tatu kamili. Ningependa akalishwe karibu na meza ya Kiper usiku wa kwanza, jina likishatajwa na kijana akishamkumbatia mama yake, aulizwe yeye kwanza.